Kikombe cha Mama Mkwe

Kwenye viti vya wanawake, nyuma ya dereva wa basi la Peshawar, Palwasha alikuwa amepakata mfupa wa bega wa plastiki. Mama aliyeketi kando yake akauliza, "Wa mbuzi huo?"

"Wa mtu, mama. Nasoma tiba ya viungo, mwaka wa kwanza."

"Na kutibu watu?"

"Mpaka mwaka wa tatu. Sasa hivi ni mifupa na misuli tu."

"Hasara! Mama mkwe wangu kapooza mkono. Ila tunamtunza. Hata kikombe cha chai hashiki, sisi wakaza wana tunamnywesha."

Hivyo hivyo Palwasha na nduguze walimtunza baba yao alipopooza, kwa heshima zote, mpaka bega likakakamaa. Kwamba kiungo kisichotumika hukakamaa, alikuja kulisoma darasani, baba akiwa amekwisha kuzikwa.

"Mwacheni ashike mwenyewe, mama. Hata akimwaga."

"Majirani waseme tumemtupa?"

"Waseme."

"Kwa kuwa wewe huna mkwe bado!"

Basi liliposimama sokoni, yule mama alishuka, kisha akageuka mlangoni. "Kikombe kijae, au nusu?"

Palwasha hakujua. Hilo lilikuwa la mwaka wa tatu.