Nailoni ya Dirishani

LEONARD: Haloo? Nani mwenzangu?

KULUTHUMU: Kumbe namba ngeni unapokea.

LEONARD: Samahani, naongea na—

KULUTHUMU: Kwa namba yangu nimepiga mara kumi na moja tangu juzi. Ukiona jina langu unailaza simu kifudifudi. Nakujua, Leonard. Kitu kikishakugusa wewe unaangalia pembeni.

LEONARD: Shem Kuluthumu.

KULUTHUMU: Ndiyo. Hii simu ya mdogo wangu Mwajabu, ina salio kiduchu, la kuombea maji tu. Usinizungushe.

LEONARD: Pole, shem. Pole sana. Nilitaka kuja huko Kondoa, haki ya nani, ila gari ika—

KULUTHUMU: Mudrick tumemzika jana baada ya alasiri. Hukuja. Nimelimeza hilo, sikupigii kwa hilo. Romani, msaidizi wake, yuko wapi?

LEONARD: Romani? Yupo... yupo kazini.

KULUTHUMU: Kazini wapi?

LEONARD: Si pale pale tu, shem. Area D, huku Dodoma.

KULUTHUMU: Kile chumba.

LEONARD: Ndiyo, kile chu— [mikwaruzo] —nasikia unakatika.

KULUTHUMU: Sikatiki. Nipo ndani, nimekaa eda, nimeegemea ukuta wa mama yangu. Unanisikia vizuri sana. Umemrudisha Romani kwenye chumba kilichomla mume wangu, na udongo wa kaburi bado unyevu.

LEONARD: Shem, tuseme ukweli. Mudrick alikuwa mgonjwa. Kifua—

KULUTHUMU: Kifua gani? Walimpima kifua kikuu mara mbili, hakuna. Alikuja kazini kwako miaka minne iliyopita, mwezi wa tano, anapanda mlima wa Kolo bila kutweta. Nakumbuka hata shati. Mwaka huu alikuwa anapumzika kati ya kitanda na mlango.

LEONARD: Daktari hakusema ni rangi.

KULUTHUMU: Daktari aliniuliza, mumeo anafanya kazi gani? Nikamwambia anapaka rangi gari za kuchezea, hizi za rimoti. Akacheka kidogo. Akaandika "msanii". Na mimi nikanyamaza, Leonard! Nikaona aibu kusema zaidi, maana ni midoli. Nani anakufa kwa midoli?

LEONARD: Si midoli kwa wenyewe. Watu wazima wanashindana nazo.

KULUTHUMU: Najua. Jumamosi mna mbio. Mliahirisha?

LEONARD: Watu wanatoka mpaka Dar, shem. Kuna bodi saba, yale maganda ya gari, hazijaisha. Na hapo... samahani, najua si wakati wake. Ile rangi ya machungwa ya Mudrick, mteja anaitaka ile ile. Romani amejaribu kuchanganya, haiji. Hakuacha karatasi mahali? Vipimo?

KULUTHUMU: Rangi ya machungwa.

LEONARD: Shem?

KULUTHUMU: Ninayo.

LEONARD: Kweli?

KULUTHUMU: Ipo kwenye leso. Wiki ya mwisho alikuwa akikohoa inatoka hiyo hiyo. Nikutumie kwa basi?

LEONARD: Daah. Shem. Basi, basi.

KULUTHUMU: Basi nini? Wewe uliwahi kuingia mle ndani?

LEONARD: Mimi nilikuwa pale kila siku ya Mungu!

KULUTHUMU: Mlangoni. Nilikuwa naleta chakula, nakuona. Unasimama nje, umeziba pua na kola, unanyoosha mkono upewe bodi. "Fundi, safi sana, sina cha kusema." Ukishapewa, huyo, kwenye gari. Miaka minne sijawahi kuona unavuka kizingiti.

LEONARD: Nilimnunulia barakoa.

KULUTHUMU: Ya kitambaa! Ile ya enzi za korona. Nilikuwa naifua mimi. Wiki hii maji mekundu, wiki ijayo maji ya bluu. Kama inachuja, kilichokuwa kinaingia mpaka upande wa mdomo ni nini?

LEONARD: Lakini kuziba dirisha la kile chumba halikuwa wazo langu, na hilo unalijua. Unaujua upepo wa Dodoma. Agosti hii ukiacha ufa wa kidole, vumbi linatua kwenye rangi mbichi, bodi nzima inakuwa kama ngozi ya kenge. Na zile bodi ni plastiki angavu, zinapakwa kwa ndani, shem. Unaanza na mistari, unamaliza na rangi kubwa, ukishakosea huwezi kurudi nyuma. Mudrick mwenyewe alisema tuweke nailoni.

KULUTHUMU: Alisema baada ya wewe kurudisha bodi tatu. Siku ya Alhamisi. Ulizitupa kwenye ndoo mbele yake, ukasema, "Hii ni rangi au ni sementi?" Akarudi nyumbani hakula.

LEONARD: Sikumbuki.

KULUTHUMU: Mimi nakumbuka kwa niaba yako. Kesho yake akaning'iniza nailoni dirishani, tabaka mbili, na solotepu pande zote. Feni akaizima, maana inatimua vumbi. Na mlango...

LEONARD: Shem, upo?

KULUTHUMU: Mlango nilimzibia mimi.

LEONARD: Nini?

KULUTHUMU: Khanga. Kila asubuhi nalowesha khanga yangu, nikishamfikishia chai naisokomeza chini ya mlango kwa nje, nakandamiza na mguu, vumbi lisipite. Ananiambia akiwa ndani, "Bado, mke wangu, kule kona." Nakandamiza kona. Namsikia anacheka. Miaka minne, Leonard. Mimi kwa mkono wangu. Naona fahari, naona namsaidia mume wangu kazi yake iwe safi.

LEONARD: Usijilaumu, da—

KULUTHUMU: Usinifute machozi. Nimekwambia ujue kwamba sikupigii kama msafi. Romani jana ulimwona?

LEONARD: Nimwone wapi, mimi sikuja.

KULUTHUMU: Basi nikuonyeshe. Alikuja na basi la kwanza. Mkristo wa watu, amevaa kofia ya kuazima. Mashemeji zangu wananiambia alishika koleo, akatupa udongo mara tatu, ya nne akakaa chini. Akakohoa mpaka shehe akasimamisha dua. Yule pande la mtu wa Kongwa, aliyekuwa anabeba kompresa, ile mashine ya kupulizia rangi, begani peke yake! Hapo hapo makaburini simu yake ikalia. Nani alipiga?

LEONARD: Shem, hayo tuyaache.

KULUTHUMU: Nani alipiga?

LEONARD: Mimi.

KULUTHUMU: Simu ya mjane inakushinda. Ya kumwita mtu kazini inakuja yenyewe.

LEONARD: Nilikuwa naogopa, Kuluthumu. Ningekwambia nini? Mudrick alikuwa rafiki yangu. Juzi nilibandua ile karatasi ya juu inayokinga bodi yake ya mwisho, ikatoka inang'aa kama maji, nikakaa nayo kwenye gari nikalia kama mtoto. Usidhani mimi ni jiwe.

KULUTHUMU: Lia. Nani kakukataza? Lakini lia huku unatembea. Uko wapi sasa hivi?

LEONARD: Area D hapa, dukani. Nanunua thina ya kuyeyushia rangi.

KULUTHUMU: Ya kumpelekea.

LEONARD: ...Ndiyo.

KULUTHUMU: Iache kaunta. Kutoka hapo mpaka chumbani ni nyumba ngapi?

LEONARD: Sita, saba. Lakini shem, sikiliza, leo upepo ni mkali balaa, na bodi zote saba mbichi. Zikauke tu. Jioni hii namtoa, namweleza, na kesho tunatafuta utaratibu—

KULUTHUMU: Nimempigia Romani tangu asubuhi, inaita tu. Hasikii, kompresa inamfunika. Ningekuwa Dodoma ningeshavunja hilo dirisha. Niko eda, niko mbali, nina simu ya watu. Mtu mwenye miguu karibu naye ni wewe peke yako. Tembea.

LEONARD: Natembea, natembea. [Upepo.] Unasikia huo upepo?

KULUTHUMU: Nausikia. Ndio ninaoutaka. Umefika?

LEONARD: Nakaribia. Nimefika getini. [Mngurumo wa mashine.] Yupo, kompresa inawaka.

KULUTHUMU: Mlangoni kuna nini chini?

LEONARD: Chini... ngoja.

KULUTHUMU: Leonard. Kuna nini?

LEONARD: Gunia. Gunia limeloweshwa.

KULUTHUMU: Nani kaloweka?

LEONARD: Sijui. Labda... mkewe, Sidonia. Alipita asubuhi na chai.

KULUTHUMU: Yaa Rabi. Lipige teke. Lipige!

LEONARD: Nimelitoa. Nafungua. Roma— [anakohoa] —ah, shem, hewa ya humu, macho—

KULUTHUMU: Umeingia? Vuka kizingiti!

LEONARD: Nimeingia. Romani! Zima hiyo kitu! [Mashine inazimika.] Amenigeukia. Shem, midomo yake haiko sawa, kama ina majivu.

KULUTHUMU: Anasema nini?

LEONARD: Anasema... anasema, "Bosi, funga mlango, vumbi linaingia."

KULUTHUMU: Usifunge! Leonard, usifunge!

LEONARD: Anazikinga bodi kwa mikono. Ananisihi. Vumbi limeshatua, shem, ile ya machungwa yote imekuwa—

KULUTHUMU: Ziache zife hizo! Mshike mkono umtoe nje, umpeleke hospitali. Wakiuliza kazi gani, usiseme msanii. Sema rangi, sema thina, sema chumba kimezibwa. Taja makopo yote. Halafu kamwambie Sidonia na kila mwanamke anayezibia mumewe mlango—

LEONARD: Inakatika, shem, sauti ina—

KULUTHUMU: Salio ndilo hilo linaisha. Unaangalia wapi?

LEONARD: Naangalia... bodi.

KULUTHUMU: Mwangalie mtu! Na kabla hamjatoka shika ile nailoni, ivute, ichane yote mpaka chini. Usinijibu. Usiniage. Chana sasa hi—