Bi Pengo na Miaka Ishirini na Saba ya Mzee Labda

Tarehe thelathini mwezi huu wa sita, msoma nyayo mkuu wa kambi yetu atarudisha darubini, filimbi na jozi mbili za sare, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya kazi. Sare zilikuwa jozi tatu. Hiyo ya tatu nimemwuliza mara mbili, na mara zote mbili ameanza kuzungumzia mvua.

Maneno ya kumuaga kwenye jarida la kambi nimeombwa niandike mimi, karani wa ofisi, na bado sijaelewa kwa nini. Mpishi anamjua zaidi, na dereva anaandika vizuri zaidi. Mtu akinipa kazi ya heshima bila kuniomba kitu, huwa napapasa mifuko yangu kwanza.

Mzee alianza kwa kuchimba mashimo ya vyoo, wakati familia za Wamaasai wenye ardhi hii zilipoamua kujenga kambi yao wenyewe badala ya kumkodishia mtu baki bonde lao. Mahema yalikuwa matatu. Leo ni tisa. Siku ya nne alimwambia msimamizi kwamba shimo lisogezwe, kwa sababu hapo ndipo tembo wanapopita. Msimamizi akacheka. Wiki hiyo hiyo choo kikabebwa, mlango na bati lake, na mchimbaji akapandishwa cheo.

Jina la Mzee Labda alipewa na wageni. Mgeni akiuliza kama chui yuko karibu, jibu ni labda. Akiuliza kama mvua itanyesha, labda. Hata kwenye harusi ya bintiye, alipoulizwa kama amefurahi, inasemekana alijibu hivyo hivyo, na mkewe hakumsemesha siku mbili. Lakini kwa labda hizo ametembeza wageni kwa miguu miaka yote bila kumpoteza hata mmoja, na amefundisha waongozaji kumi na mmoja. Aliwahi pia kumfuata tembo aliyeondoka na shuka la kitanda, akatembea saa tatu, akarudi nalo. Shuka hilo bado lipo. Nimelikagua mwenyewe.

Ndiyo maana nilianza kumshuku siku aliposema jambo bila labda.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita. Ukame ulikuwa mkali, na simba waliingia mazizini karibu kila wiki. Kamati ya wenye ardhi, ambayo mwenyekiti wake ni shemeji yake, mume wa dada yake, iliamua simba wote wa bondeni wauawe. Walikuwa saba. Bila simba wageni wasingekuja, na bila wageni kambi ingefungwa. Kamati ililijua hilo, lakini mtu aliyeamka akakuta ng'ombe wake wameraruliwa hana masikio ya kusikiliza hoja. Mzee Labda akaomba apewe asubuhi moja. Akapiga magoti zizini, akarudi akasema mkosaji ni mmoja tu: simba jike mzee, asiye na kidole cha nje kwenye mguu wa mbele wa kushoto. Wengine sita hawakuhusika. Kamati ikakubali awindwe huyo peke yake. Wakamwita Bi Pengo.

Tangu hapo kila ndama aliyeliwa aliliwa na Bi Pengo. Mzee alisoma nyayo, mimi nikaandika kwenye daftari, vijana wakatoka na mikuki kumtafuta simba mwenye kasoro hiyo, wakarudi jioni wamechoka, na kesho yake wakaziba zizi palipotobolewa. Hakuna aliyewahi kumwona.

Mimi huwa nasoma ninachoandika, tabia ambayo haijanipatia marafiki. Bi Pengo alikuwa ajuza tangu siku ya kwanza. Kwa sasa angekuwa amepita miaka ishirini, na simba wa porini hafiki huko. Asubuhi moja alikula ndama ng'ambo hii ya mto na mbuzi ng'ambo ile, na mto ulikuwa umefurika. Mwaka wa tano kidole kinachokosekana kilihamia mguu wa kulia. Wageni wetu hupiga picha hata mijusi, lakini yeye hana hata picha moja.

Nikaamua kwamba ndama wanaibwa na watu, na mzee anawaficha. Nilimshuku shemeji. Nikawashuku watoto wa shemeji. Kwa wiki mbili nilimshuku mpishi, maana vipande vya nyama kwenye mchuzi vilikuwa vimeongezeka ghafla. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili, nikaifungia kwenye droo.

Mwaka jana, asubuhi moja, nikamfuata mzee zizini nikijifanya nanyoosha miguu. Mlangoni palikuwa na unyayo wa simba dume, mpana kama sahani, vidole vyote vinne vimetimia. Mzee aliutazama, akaukanyaga, akausugua kwa kiatu mpaka ukapotea. Alipogeuka akaniona. Akaniambia kwa upole, "Bi Pengo. Andika."

Kumbe hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mtu anayemdanganya shemeji yake mwaka baada ya mwaka. Siku uongo huo ukijulikana, angekosa kazi, heshima na mlango wa dada yake, na simba wangemalizwa ndani ya wiki. Niliandika kama alivyosema. Lakini ripoti sikuichana. Niliiongezea ukurasa wa tatu.

Mwezi uliopita, mzee akiwa mjini kufuatilia makaratasi ya kustaafu, mtamba bora wa shemeji akauawa. Saa nne asubuhi kamati nzima ikaingia ofisini, vijana wamesimama mlangoni na mikuki yao. Shemeji akaketi mbele ya meza yangu. "Karani, msoma nyayo hayupo," akasema. "Daftari unalo wewe. Tuambie ni nani." Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye droo.

Nikamtazama kama ninavyomtazama kila mtu. Nguo yake ilikuwa na samadi mbichi magotini. Alikuwa ameshapiga magoti pale zizini kabla ya kuja kwangu. Na huyu ni mtu anayetambua kwato za kila ng'ombe wake, na anayeweza kukwambia yupi alipita jana akichechemea. Mtu wa namna hiyo hahitaji karani amsomee mguu wa simba, na hakuhitaji kusomewa miaka tisa iliyopita. Alikuja kulisikia jina ili vijana walisikie. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Katika bonde zima, aliyedanganyika nilikuwa mimi.

Nikasema ni Bi Pengo.

Shemeji akashusha pumzi. "Bibi yule bado ana nguvu," akasema, kisha akawatuma vijana wakakate miiba ya kuziba zizi. Mmoja wao, mdogo wake mpishi, aliniambia baadaye kwamba hata wao wanajua tangu utotoni, ila kijana harudi nyumbani na mkuki mkavu bila sababu ya maana.

Simba saba leo ni kumi na wanne. Mwaka ule wa ukame walikufa ndama thelathini na mmoja. Mwaka jana wanne, maana mazizi yamezibwa vizuri na watu waliokuwa wakimngoja asiyekuwepo. Hayo ndiyo mafanikio makubwa ya mstaafu wetu, na hayamo kwenye cheti atakachopewa. Naomba jarida hili lisifike kwenye kamati. Si kwamba litawaambia jipya, ila wakiambiwa rasmi watalazimika kukasirika.

Mzee Labda, tunakushukuru kwa kila hatua. Ripoti yangu nimeitia kwenye jiko la mpishi, kurasa zote tatu. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wasiouliza maswali kama yangu. Leo alfajiri palikuwa na unyayo wa dume kwenye zizi la dada yako, nami niliwahi kufika nikiwa na viatu vipana. Nenda kapumzike. Bi Pengo ninaye mimi.