Kisanduku cha Pansi

Sogeeni, wanangu. Melkiori, funga mlango. Laurensia, kaa; nimesema kaa. Na wewe Kristina, mke wa mwanangu, usisimame kizingitini kama jirani aliyekuja kuomba moto. Ingia, keti hapa miguuni pangu.

Nyumba hii ya Mkuza ni ya Melkiori. Mikorosho ya Kisarawe ni ya Laurensia, yote, wala mdogo wake asimpunguzie hata mti mmoja. Baiskeli mpeni katekista, amechoka kutembea kuja kuniombea. Mali imekwisha hapo. Lililobaki ndilo linalonizuia kufa, na mnalijua.

Mama yenu Yosefina, Mungu amrehemu, alipewa mbegu za pansi na Sista Stellamaris, aliyezitoa Lushoto kwenye baridi, na Kisarawe nzima ikamcheka, kwamba ua la baridi litaota vipi kwenye joto letu. Aliwaacha wacheke. Masika yakielekea kuisha akazisia kwenye kisanduku cha mbao, akakiweka kivulini nyuma ya mtungi, akakifunika gunia bichi, kwa kuwa mbegu ya pansi inataka giza ndipo ichipue. Kipupwe yakatoka maua ya zambarau na manjano, kila moja na uso wake, na mama yenu akawa anayasalimia asubuhi kabla hajanisalimia mimi. Tulipohamishwa kuja kijijini hapa, mwaka wa sabini na nne, kaburi lake tuliliacha kule, tukaja na mbegu zake.

Mwaka jana, Laurensia, ulizisia, ukaenda kwa mumeo, uliporudi ukakuta gunia limeanikwa na kisanduku kinapigwa jua, mbegu zilizoanza kupasuka zimekauka. Aliyefunua ni Kristina, na hajakataa. Kwao Kwala wanapanda mahindi na kunde, na kwao kilichofunikwa kikalowa huoza. Alidhani umesahau. Akafunua, akamwagia maji, akaniita barazani: "Baba, nimeziokoa mbegu za mama." Alikuwa anacheka kwa furaha. Mchawi haiti watu waje kumwona akiroga. Nilikwambia siku ile ile, ukasema baba amezeeka, amelishwa kitu.

Neno lako, kwamba ni mchawi, likafika kisimani. Sasa wanawake wanaondoa ndoo zao Kristina anapofika. Umemtaka Melkiori amrudishe kwao, umeapa hatakanyaga matanga yangu. Na wewe Melkiori, mwanamume mzima, unatazama vidole vya miguu yako. Mke hutetewa na mumewe, hangoji baba mkwe anayekata roho. Wazee walisema mdomo uliponza kichwa, lakini humu ndani mdomo wa mmoja unataka kuponza kichwa cha mwenzake, nami nimeogopa sana, wanangu, kuiacha nyumba hii hivi.

Nipeni maji. Si wewe, Melkiori. Kristina, niletee wewe. Laurensia, tazama: ninakunywa.

Chini ya mto kuna kiberiti chenye mbegu. Mkulima hapandi mbegu zote. Hizo ni za mkono wa mama yenu mwenyewe, za mwisho. Masika yakipungua utasia wewe, Laurensia, unajua. Gunia atafunika Kristina, atalilowesha asubuhi na jioni, wala usimfuate nyuma kumchungulia. Zisipochipua, mbegu zimezeeka kama mimi. Usitafute mkono wa mtu.

Mnizike Kisarawe, ubavuni kwa Yosefina. Kwetu udongo wa kwanza hutiwa na mtoto wa kwanza. Ni haki yako, Laurensia, siwezi kukunyang'anya. Nakuomba tu... umpe Kristina. Umshike mkono, mbele ya watu, atie yeye. Wakiona hivyo, kisimani hawataondoa ndoo.

Nijibu, mwanangu. Usilie, jibu... Sikusikii. Sema kwa nguvu, ndugu yako asikie... Haya. Nimesikia.

Mungu awape mvua kwa wakati wake, na vinywa vyenye haya. Watoto wenu wale sahani moja... Miguu imeingia baridi. Kristina, vuta shuka. Laurensia, mshikie upande wa pili... Hapo. Basi, msifunue.