Siku Bwawa la Kathongoni Lilipogeuka Kijani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wakuu wa idara mliofuatana naye, Chifu wetu, Padri na wachungaji mliotuombea, wazee wa Ekalakala, ndugu wageni waalikwa kutoka Matuu, Masinga na Machakos mjini, akina mama wenzangu, nanyi vijana mliokaa juu ya ukuta wa jengo hili jipya ingawa mmeombwa mshuke: nawasalimu nyote. Mwi aseo? Mmeitika vizuri. Kikamba changu bado kinanuka Murang'a, lakini nimeuza sokoni hapa miaka ya kutosha kujua namna ya kusalimu watu.

Kabla sijasema neno lolote la sherehe, niko na tangazo. Yeyote aliye na ng'ombe, mbuzi au punda karibu na bwawa la Kathongoni saa hii, atume mtu mbio akawatoe. Maji yaliyotekwa bwawani leo yamwagwe, hata kama yameshachemshwa. Nasema tena, hata kama yameshachemshwa. Nendeni. Hakuna atakayewaona watovu wa adabu kwa kuinuka wakati Mheshimiwa ameketi. Yeye mwenyewe ameniruhusu niseme hivi. Nitangoja.

Asanteni. Ninyi mliobaki, sogeeni mbele mjaze viti, niwaeleze kwa nini nimewafukuza wenzenu kutoka kwenye karamu.

Mimi ni Muringo, Mama Winrose, muuza samaki. Tumekusanyika kufungua kituo cha utafiti wa maji na hali ya hewa, na kumshukuru mtafiti aliyekipigania, Daktari Ndanu Mulwa. Wasomi wangeweza kuwasomea kazi yake kwa lugha nzuri kuliko yangu. Lakini kamati ilisema aongee mtu ambaye kazi hiyo ilimgusa, na sidhani kama kuna mtu hapa iliyemgusa kama ilivyonigusa mimi.

Ilikuwa Februari mwaka wa 2006. Mvua ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekosa, na ile ya kabla yake ilikuwa imenyesha kama mtu anayedaiwa kitu asichotaka kutoa. Mto unaoingia Kathongoni ulibaki mchanga mtupu. Maji yakarudi nyuma, yakarudi nyuma, mpaka tukaona visiki vya miti ambayo hata wazee walikuwa wameisahau. Na jua! Mnakumbuka jua lile? Wavuvi wangu walikuwa wakiingia majini asubuhi wakatoka wakisema maji ni vuguvugu kama ya kuoga mtoto.

Kisha yakaanza kugeuka rangi. Kwanza yalikuwa kama supu ya mboga, halafu kama rangi ya kupaka mlango. Upepo ulipovuma uliisukuma rangi ile upande wa chini, kwa kina Mzee Mwanzia, ikatanda ufukoni kama utando wa uji uliopoa. Vyura walinyamaza. Ndege wale weupe warefu waliozoea kusimama kwenye matope walienda zao, na hatukujiuliza walikoenda. Kwani nani huuliza ndege wanahamia wapi?

Asubuhi moja vijana wangu waliniita kwa furaha: "Mama! Samaki wamejileta wenyewe!" Nilikimbia nikakuta tilapia wakielea, matumbo juu, wengi hata maji hayaonekani. Ndanu alikuwa pale kabla yangu. Wakati ule alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana mwembamba aliyepanga chumba nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga, tuliyezoea kumwona akishusha kipimajoto majini kwa kamba na kujaza chupa ndogo ndogo. Wengine walimcheka. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa akinunua samaki bila kubishana bei.

"Mama Winrose," aliniambia, "usiuze hata mmoja."

"Nikawapeleke wapi?"

"Wazike. Chimba shimo refu, mbwa wasiwafikie. Na yeyote utakayekutana naye, mwambie mifugo isinywe upande huu."

"Kwani ni nini, mwanangu?"

"Naogopa nakijua," akasema. "Lakini lazima nikapime kwanza."

Akapanda gari na chupa zake kwenda Nairobi. Mimi nikafanya nilivyoagizwa. Vijana wangu walichimba shimo nyuma ya banda langu, tukazika samaki mchana kweupe, watu wakipita na kutazama. Kisha nikamwendea Mzee Mwanzia, ambaye ng'ombe wake ndio hunywa upande ule, nikamwambia. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Mama, ng'ombe wa kwetu wamekunywa hapa tangu bwawa lichimbwe. Leo wakanywe wapi, Thika?" Na kweli, hakukuwa na maji mengine.

Siku iliyofuata ng'ombe wake walianza kuyumba kama walevi. Walianguka hapo hapo ufukoni, mmoja baada ya mwingine, miguu ikipiga mateke hewani. Daktari wa mifugo alipompasua mmoja alikuta ini limevimba, limejaa damu mpaka likawa jeusi. Akasema neno moja: sumu. Hakusema sumu gani, kwa sababu hakujua. Lakini neno hilo lilifika sokoni kabla yake, na lilipofika lilikuwa tayari limeshapata jina la mtu.

Walikuja mchana, jua likiwa la utosi. Nilikuwa ninawajua wote. Nilikuwa nimewakopesha samaki, nimekwenda mazishi ya kwao, nimeimba nao kanisani. Mbele alikuwa Mzee Mwanzia, macho mekundu.

"Ulizika nini nyuma ya banda?"

"Samaki."

"Muuza samaki anazika samaki?"

Mwingine akapaza sauti nyuma yake: "Ametia dawa ya kupe majini apate samaki haraka! Imezidi, sasa anaficha!"

"Sikutia chochote," nikasema. "Mzee, si nilikuja nikakuonya?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Mwanzia alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake, akauliza polepole, "Ulijuaje watakufa?"

Ndugu zangu, ningemtaja Ndanu wangesema tulikula njama, naye hakuwepo kunishuhudia. Nilikuwa nimefanya kila jambo sawasawa, na kila jambo nililolifanya lilikuwa limegeuka ushahidi dhidi yangu. Niliona tairi. Nilisikia harufu ya mafuta ya taa kabla sijaona aliyeyabeba. Mtu akapiga kelele kwamba wageni warudi kwao. Nilishika nguzo ya banda langu kwa mikono miwili nikataka kusali Baba Yetu, na maneno yale niliyoyajua tangu utotoni yakanipotea. Nilibaki na "Baba," "Baba," basi.

Hapo ndipo pikapu ya chuo ilipoingia sokoni. Ndanu alishuka. Hakukimbia, hakupiga mayowe, hakusema "mwacheni mama wa watu." Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunitetea, akaniambia kwamba hakuna ambaye angemsikia. Alisimama kati yangu na wao akauliza swali moja tu:

"Nani ana mifugo bwawani saa hii?"

Akauliza tena. "Na nyumbani? Nani amepikia watu kwa maji ya bwawa leo?"

"Sisi huchemsha," mtu mmoja akajibu, kwa dharau kidogo.

"Nimeyapima. Kuchemsha hakusaidii. Vijidudu wa kijani hufa, lakini sumu waliyoiacha haifi, kwa sababu haina uhai wa kupoteza. Inabaki kwenye sufuria. Inakwenda kwenye ini."

Nilikuwa namtazama Mwanzia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Niliona hasira ikimtoka usoni na kitu kingine kikiingia. "Mama," akasema. Nilidhani ananiita mimi. "Mama amelala tangu jana, anatapika. Tumekuwa tukimpa uji."

Tairi lilianguka chini. Watu wakatawanyika wakikimbia, kila mtu kwake, wanawake wakiita majina ya watoto wao, na kwa kufumba na kufumbua soko likabaki tupu, mimi na nguzo yangu. Nawaambia kweli: sijawahi kuona watu wakiogopa namna ile. Na ile hofu ndiyo iliyoniokoa. Kwa hiyo leo msinitegemee niitukane hofu.

Ndanu alimbeba mama yake Mwanzia, bibi Syombua, kwa ile pikapu mpaka hospitali ya Matuu. Bibi alifariki huko siku chache baadaye. Siku ya mazishi nilikuwepo. Niliogopa kwenda, lakini nilikwenda. Nilimsikia Mwanzia akimuuliza Ndanu kando ya kaburi, "Niambie kweli. Ni maji?"

Angeweza kusema ndiyo. Sisi sote tulikuwa tumeshasema ndiyo mioyoni mwetu. Ndanu alilia, lakini akajibu, "Sijui, mzee. Alikuwa na umri, na sikuwahi kupima kilichomwua. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimejitia kujua nisichokijua."

Mheshimiwa, watu hupewa vyeti kwa ujuzi wao. Mimi ningempa Ndanu cheti kwa lile neno "sijui." Sokoni kila mtu alikuwa anajua, na kujua kwao kulikuwa karibu kunichoma moto.

Mzee Mwanzia, nakuona pale, usiinamishe kichwa. Wageni waalikwa, kiwanja tunachokalia alikitoa yeye, bure, kutoka shamba la mama yake. Alikuja kwangu miezi kadhaa baada ya mazishi, akasimama mlangoni mwa banda, akashindwa kusema, nami nikamfungia samaki wawili akaenda nao. Tumeishi hivyo tangu siku ile.

Ndanu alimaliza masomo, akawa daktari, akarudi kwetu, na miaka hii mitatu amelipima bwawa lile kila juma. Alipima joto la juu na la chini. Alihesabu konokono, kereng'ende, vyura. Alituambia kwamba maji yakipata joto sana hayachanganyiki, ya juu hukaa juu na ya chini hukosa hewa. Na mto usipoyasukuma, mbolea ya mashamba yetu na kinyesi cha mifugo yetu hukaa humo humo kama chakula mezani, na wale vijidudu hula wakashiba. Hakutuacha bila lawama, mnaona. Lakini pia alituonyesha kwamba joto lenyewe linapanda, hapa na kwingine duniani, na kwamba sehemu kubwa ya moshi unaolipandisha haikutoka Ekalakala. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba moshi wa miji tusiyoijua unaweza kuingia katika uji wa bibi kizee wa hapa kwetu?

Yeye husema kwa uangalifu. Husema mwaka mmoja si ushahidi. Lakini vyura wa Kathongoni waliondoka ule mwaka na wachache tu wamerudi. Aina mbili za samaki nilizokuwa nikiuza sijaziona tena kwenye nyavu. Miembe huchanua kabla ya wakati, maua yakaanguka. Na mvua ya mwisho wa mwaka jana, nyote mnajua ilivyokuwa.

Leo alfajiri Ndanu alivaa nguo ya sherehe, akapitia bwawani kuchukua kipimo kabla ya kuja. Hajaja. Simu yangu ililia nikiwa nimeketi na wageni pale mbele. Upande wa chini umegeuka kijani. Yuko huko sasa hivi na vijana wa Chifu, na ile nguo yake, wakifukuza mbuzi. Alinituma nitangaze, kisha niwaeleze yote taratibu, kwa sababu mwaka ule nilitoa onyo bila maelezo na mnajua lilivyopokelewa.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, najua ulikuja kukata utepe. Utepe unaweza kungoja. Watu hawa wamemwaga maji yao kwa neno langu, na jioni watarudi nyumbani kwenye mitungi mitupu. Naomba lori la maji lifike Ekalakala leo, si kesho, kwa sababu mtu mwenye kiu atarudi kwenye maji yale hata akijua. Tumewahi kuwaona wakirudi.

Nimebakiza jambo moja. Binti yangu Winrose ana mimba. Yeye na mumewe wamechoka na kodi ya Thika, wanataka kuja kujenga hapa. Mwezi uliopita alimkuta Ndanu nyumbani kwangu akamuuliza, kwa mzaha tu, akimenya viazi: "Daktari, mtoto wangu atakuta bwawa?"

Mimi nilimwona Ndanu akisimama mbele ya watu wenye mafuta ya taa, sauti yake ikiwa imenyooka. Siku hiyo, jikoni kwangu, aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema "sijui," na sauti yake ikatetemeka.

Winrose aliacha kumenya.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu katika jua hili. Mungu atulinde, na ambaye bado hajatuma mtu bwawani, ainuke sasa.