Zachary Ngige na Nyumba ya Bungoma

Zachary Ngige alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 hapa Kitale, mtoto wa pili wa marehemu Kagwe na mkewe Rosaline Wakonyo, akamaliza kidato cha nne Moi's Bridge mwaka 2003, kisha akajifunza ufundi wa mashine za kusaga unga, kazi aliyoiweza hata akiwa amelewa, na ndiyo sababu wengi mlimvumilia kuliko ilivyomfaa.

Tarehe 5 Desemba 2009 alimwoa Mary Ann Jerono, wakajaliwa Wamboi na Derrick. Mary Ann alirudi kwao na watoto mwaka 2019, na mama mkwe wake ndiye aliyemfungia mizigo.

Pombe hatutaificha, nyote mliiona. Mwaka 2022 alitibiwa Bungoma miezi mitatu, na alipotoka familia ilifurahi, ikachinja mbuzi, ikaita wazee wambariki, nao wakambariki kwa muratina, pombe ya kienyeji, kama ilivyo desturi, pembe ya kunywea ikamfikia yeye pia, na hakuna aliyeona ubaya mpaka Jumatatu iliyofuata, alipookotwa mtaroni.

Alipotibiwa tena, mshauri wake, Linah, alimwambia mama asimrudishe nyumbani, amtafutie mahali pa kukaa na wenzake walioacha pombe. Baba zake wadogo walisema mwanamume wa miaka thelathini na minane hapangi na wageni na shamba la baba yake lipo. Mama akaenda kutafuta. Hapa Kitale wenye nyumba wawili walikataa, mmoja akamwambia, "Mama, hao si watauza mpaka mabati yangu!" Mwishowe ikapatikana Bungoma, kwa Job, ambaye mwenyewe aliacha pombe, nyumba ya wanaume sita, lango linafungwa saa moja jioni, kila mmoja ana zamu ya kupika, na anayekunywa anaondoka siku hiyo hiyo. Zachary aliingia tarehe 9 Januari 2024, akapata kazi, akajilipia kodi, na likizo ya Agosti watoto wake wakaanza kumtembelea.

Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, akipika chai asubuhi, alitapika damu, wenzake wakamkimbiza hospitali, akafariki kabla ya saa sita. Daktari alieleza kwamba ini liliharibika zamani, na kwamba hakuwa na pombe mwilini. Kwa hiyo anayenong'ona hapo nyuma kwamba alirudia, aache.

Miaka mingi tulikuwa tayari kwa simu ya kuambiwa amefariki. Ilipokuja tulikuwa tumeacha kuingoja, na mama yake alimwambia Job amekosea namba, akakata, akaendelea kupukuchua mahindi. Job akapiga tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na wale wanaume watano walioketi kando ya jeneza, ambao baadhi yenu mmewauliza ni akina nani. Ndio aliokuwa akiishi nao. Job anasema nafasi moja iko wazi. Aliye na mtoto anayekunywa amwone leo kabla hajaondoka, na akiona haya kwenda peke yake, mama Zachary atamsindikiza.

Ngige, pumzika salama.