Nilikunywa Spiriti ya Samaki

Ndugu zangu, amahoro, amani kwenu! Bwana asifiwe na kila aliyeamka leo akiwa na akili zake, maana zamani mimi sikuwa naamka hivyo. Wengi hapa Rumonge mnanijua kwa mvi na mkongojo. Leo nataka mnijue kwa dhambi yangu, ili mumjue aliyenitoa humo.

Ilikuwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani. Nilisoma shule yao ya juu kule pwani, nikajua kuandika na kusema lugha yao. Nilijifunza pia kunywa, na hilo halikuwa kwenye masomo. Nikaletwa huku ziwani kuwa karani na mkalimani wa kijana mmoja Mzungu, Mswisi, ambaye watu wa Minago, kijiji cha huku ziwani, walimwita Bwana Samaki. Alikuwa mwanafunzi. Alitoka kwao akaenda kusoma chuo kikuu cha Ujerumani, na huko alikuwa mgeni. Akaja huku, akawa mgeni mara ya pili. Ili apewe shahada yake kubwa ya elimu ya viumbe, ilimpasa awapelekee walimu wake samaki wa ziwa letu, wale wanaoficha watoto wao mdomoni. Wavuvi wetu wamewajua tangu zamani. Walimu wake hawakutaka maneno, walitaka kuona kwa macho: mama samaki, na watoto ndani ya mdomo wake.

Basi tukawavua. Kila samaki nilimfunga mdomo kwa kitambaa ili watoto wasitoke, nikamtia kwenye chupa ya spiriti asioze, na chupa tukaziweka ghalani. Spiriti ile ilitoka pwani kwa madebe, vichwani mwa wapagazi. Bwana Samaki aliniambia, "Kazi hii ikifaulu, nitakuombea nafasi. Utakuja kusoma kwetu." Ndugu zangu, mimi, mtoto wa mkulima, kusoma Ulaya!

Lakini madebe yale yalikuwa na harufu. Mchana, Bwana Samaki akiwa ziwani, nilionja kidogo, nikaichanganya na maji na asali. Kesho yake nikaonja tena. Madebe yalipokwisha, nikaanza kuchota ndani ya chupa zenyewe, na kila nilipochota nilijaza maji ya ziwa. Ukizitazama, chupa zimejaa. Ole wangu!

Asubuhi moja alifungua chupa ili akague, na uvundo ukatutoa ghalani sote. Samaki walikuwa wamepasuka matumbo. Watoto mdomoni walikuwa uji. Alimimina kidogo kwenye kisahani, akawasha kiberiti, maana spiriti hushika moto. Ile haikushika. Akawasha njiti nyingine. Ikazima. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya sanduku, akauliza ni nani huingia ghalani.

Tulikuwa wawili tu, mimi na Salum. Salum alikuwa kijana Mwislamu wa hapa Rumonge, baba yake alivuka kutoka Kongo. Kazi yake ilikuwa kufagia na kuosha vyombo. Hakuwahi kugusa hata urwarwa, pombe ya ndizi waliyokunywa jirani zake wote. Nami nikajibu, "Salum hufagia ghala kila siku."

Ndugu zangu, hilo lilikuwa neno la kweli! Shetani hana haja ya uongo akipata ukweli unaomtosha.

Jambo likafika kwa ofisa aliyekuwa anapita na askari wake. Alikuwa mgeni kutoka Ulaya, Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Salum akafungwa mikono, akakalishwa juani. Kiboko kikawekwa mbele yake kwa ajili ya hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, adhabu ambayo baadhi ya watu hawakuinuka baada yake. Bwana Samaki alijifungia hemani, hakutaka kuona.

Askari walimcheka. "Shehe wa chupa! Leo utaswali umelala kifudifudi!"

"Chekeni tu," Salum akasema. "Mdomo wangu iko safi."

Ofisa akauliza, nami nikatafsiri. Amekunywa? Hakunywa, anaapa kwa Mungu. Ofisa akasema wote huapa. Shahidi wake ni nani? Nikatafsiri hilo pia.

Salum akanitazama. "Mwambie amuulize karani. Karani anajua."

Neno lile lilipaswa kupita mdomoni mwangu! Hakuna mwingine pale aliyejua lugha zote mbili. Ningeweza kusema, "Anakiri, anaomba msamaha," na Ulaya ingebaki yangu. Nilikuwa nimekwisha kulitunga. Askari alikuwa anakunja mikono ya shati. Nilibatizwa shuleni, lakini tangu ubatizo sikuwa nimeomba kwa moyo. Nikasema ndani yangu, Yesu, mimi siwezi, nisaidie kinywa!

Nikatafsiri neno kwa neno. Ofisa akanigeukia.

"Haya, karani. Unajua nini?"

"Ni mimi," nikasema.

Hakusadiki. Alidhani namfichia rafiki. Nikampeleka penye kitanda changu, nikatoa kibuyu nilichofichia spiriti. Akanusa, akatema mate. Salum akafunguliwa kamba, nikafungwa nazo mimi. Viboko sitawasimulia.

Aliyenichukua nyumbani kwake ni Salum. Alinipaka mawese mgongoni, nami nikamuuliza alijuaje.

"Nilikunusa tangu mwanzo, kaka."

"Mbona hukusema?"

"Mfagiaji aseme, nani atasadiki? Nilingoja weye useme. Nimekusamehe. Lakini usiniambie kama kule juani ilikuwa jambo dogo."

Mwili wangu ulitetemeka kwa kiu ya spiriti kuliko kwa majeraha. Niliomba, nikatukana, nikalia, nikaomba tena. Kisha asubuhi moja Salum aliniletea maji, nikanywa, yakanitosha. Maji matupu! Tangu hapo kileo hakijapita kooni mwangu. Haleluya!

Bwana Samaki aliondoka na chupa chache zilizosalia. Hakuniaga, na alikuwa na haki. Kama alipewa shahada yake, sijui, na huko kutojua kunaniuma hadi leo. Mungu alinisamehe, lakini hakuwarudisha wale samaki. Msidanganyike, ndugu zangu: ukisamehewa, hasara ya mwenzako bado ni hasara.

Namshukuru Yesu aliyenifungua kinywa kabla kiboko hakijashuka juu ya asiye na kosa. Sasa nakuuliza wewe uliyeketi hapo. Je, yuko mtu aliyefungwa juani kwa ajili yako? Mke anayelaumiwa? Ndugu aliyepewa jina la mwizi, nawe umenyamaza tu? Usingoje uulizwe. Mtegemee Yesu, uje mbele useme. Na ukiogopa kusimama peke yako, mimi niko hapa. Miguu yangu ni mibovu, lakini nitasimama nawe.