Sahani ya Maua Niliyojitengea

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu nikicheka, na kicheko hiki kanipa Mola wangu. Alhamdulillahi!

Mimi ni Zuhura, mkaanga bagia wa Jang'ombe. Nilipoambiwa nina virusi vya Ukimwi, hakuna aliyenitenga. Nilijitenga mwenyewe! Nilinunua sahani ya maua na kikombe, nikavifungia kabatini. Kwenye sinia, wenzangu wakinyoosha mikono, mimi nasema, "Nshakula." Daktari alikwisha kuniambia kula pamoja hakuambukizi. Masikio yalisikia, moyo ukakataa. Mtaani wakasema Zuhura anaringa. Mimi, na harufu yangu ya mafuta, niringe kwa lipi?

Tena nilimwogopa wifi yangu Mwanaidi, mke wa kaka yangu, ninayekaa naye nyumba moja, asije akaliona kopo la vidonge. Siku nikikosa faragha, simezi. Mwisho nikaacha kabisa. Ndugu zangu, nilikonda, nikakosa nguvu hata ya kuwasha jiko. Nilikuwa nakufa kwa kuficha!

Ikaja harusi ya binti wa Mwanaidi. Pilau likaletwa, wanawake wanne kwa sinia moja. Nikasema yale yale, nshakula. Mwanaidi akanidaka mkono.

"Umekula wapi? Tangu alfajiri tuko pamoja jikoni!"

Nikachoka kusema uongo. Nikamnong'oneza yote sikioni, nikijua ndio mwisho wangu pale nyumbani. Machozi yakamtoka. Kisha akachambua nyama, akaisogeza upande wangu wa sinia.

"Kula, wifi. Mie nlidhani wewe wanchukia."

Nikala, ndugu zangu! Nililia na kutafuna kwa pamoja.

Jumatatu yake akanipeleka kituo cha afya, nikaanza dawa upya. Sasa kila ikiadhiniwa magharibi naitwa, "Zuhura!" Naam! "Ushameza?" Sina mume, lakini nina Mwanaidi, na yeye ni mkali kuliko waume wote wa Jang'ombe. Vipimo vya juzi, virusi havionekani. Dawa bado nameza kila siku, na magauni yote yamenibana!

Ndugu yangu uliyejificha, mtegemee Mola, meza dawa yako, na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Usijihukumu kabla hujamsikia. Ile sahani ya maua ipo, haikutupwa. Anaitumia paka wa Mwanaidi. Mimi nakula siniani.